Baba alikuwa akiswali nne saa ngapi hasa? (Sunna ya adhuhuri na jua la utosini)

Fundi wa Ngamiani:

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, masheikh zangu, wazee wangu na ndugu zangu.

Mie ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Banda nimelirithi kwa marehemu baba, Mungu amrehemu, alitutoka mwaka jana Mfunguo Sita, siku chache baada ya maulidi. Tangu nipate akili nilimjua na jambo moja. Mchana jua likiwa kali, anaweka spana chini, anasugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka grisi itoke yote, hata ya chini ya kucha, maana akisema maji yasipofika kwenye ngozi hapana udhu. Kisha anatawadha kwa kopo, anatandika mkeka nyuma ya banda chini ya mwarobaini, anaswali rakaa nne, mbili mbili. Mteja akija anakaa kwenye benchi. Baba akimaliza anarudi kwenye kazi yake mpaka adhana iadhiniwe, na hapo ndipo anafunga banda kwenda msikitini kuswali jamaa.

Nilipokuwa darasa la nne au la tano nilimuuliza, "Baba, mbona hungoji adhana?" Akaniambia, "Hii ni saa milango ya mbingu inafunguliwa. Napenda na changu kipande." Sikuuliza tena.

Alipofariki nikasema jambo hili sitaliacha lifie mikononi mwangu. Tatizo ni kwamba baba hakuwa mtu wa kuvaa saa. Mie nikaweka alamu ya simu, saa sita kamili, kwa sababu sote tunasema jua la saa sita. Zaidi ya mwaka sasa alamu ikilia naacha kazi, natawadha, naswali nne kwa nia ya kabliya ya adhuhuri, yaani sunna ya kabla ya faradhi. Kwa kweli si rahisi. Saa hizo ndizo watoto wa shule wanarudi na mapancha yao, na watu wanaotoka sokoni wanataka cheni zao zitazamwe upesi. Siku nyingine nimewapoteza wateja wawili watatu waliokwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Nimevumilia kwa ajili ya baba.

Juzi mtu mmoja mzima alileta rimu ninyooshe. Akanikuta kwenye mkeka, akangoja kwa adabu. Nilipotoa salamu akaniuliza nimeswali nini. Nikamwambia. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, saa sita jua likiwa utosini swala imekatazwa. Ni wakati Jahannamu inakokwa." Akaniuliza nimeanza lini, nikamwambia zaidi ya mwaka. Akatikisa kichwa, akalipa, akaondoka.

Toka siku ile usingizi wangu si usingizi. Nauliza, wazee wangu: hizo rakaa zangu za mwaka mzima zimekwenda wapi? Je, nimekuwa nikimuasi Mungu huku nikidhani namtendea baba wema? Kabliya inaruhusiwa kabla ya adhana au lazima ningoje? Maana msikiti wetu huadhini saa saba kasoro robo mwaka mzima, na jamaa saa saba. Na ile siku kazi inaponizidi nikaikosa, naweza kuilipa? Nijibuni kwa nilivyo, chuo niliacha juzuu ya tatu.

Ustadh Makorora:

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu fundi. Kwanza lala usingizi wako. Mungu amrehemu mzee, na akulipe kheri wewe kwa kukishika kilicho chake.

Alichokwambia yule bwana kina asili, tena sahihi. Katika Hadithi ya Uqba bin Aamir, aliyoipokea Muslim, kuna nyakati tatu Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba kuswali wala kuzika maiti wao: jua linapochomoza mpaka lipande, linaposimama mchana mpaka lipinduke, na linapoinamia kuchwa mpaka lichwe. Na hayo ya Jahannamu kukokwa yamo katika Hadithi ya Amr bin Abasa. Kwa hiyo usimkasirikie.

Lakini Hadithi haikusema saa sita ya simu. Imesema jua linaposimama. Na jua la Tanga halisimami saa sita kamili siku yoyote ya mwaka. Hesabu yake nawaachia wenye elimu ya ramani, humu wamo. Mimi nasema la fiqhi tu. Kama saa sita kamili jua lilikuwa bado halijafika utosini, basi uliswali katika wakati unaofaa, ambao bado ni wakati wa dhuha, kwa kuwa dhuha inaanza jua likipanda kadiri ya mkuki na inaendelea mpaka karibu na jua kusimama. Nia yako ilikuwa kabliya, na wakati wa kabliya ulikuwa haujaingia. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, mtu akiswali kabla ya wakati akidhani kwa dhati kuwa umeingia, swala ile haipotei, inageuka sunna isiyo na jina. Kwa hiyo rakaa zako hazikwenda bure, wala hukumuasi Mola wako. Kilichokupita ni kabliya yenyewe.

Sasa kabliya ni lini. Wakati wake unaingia pamoja na wakati wa adhuhuri, yaani jua likishapinduka kuelekea magharibi. Haifungwi na adhana. Adhana ya msikiti wenu inangoja watu wakusanyike, na hilo ni jambo jema, lakini wakati unakuwa umekwisha kuingia zamani. Ndiyo maana baba yako hakungoja. Na yale maneno aliyokujibu, fundi, hakuyatunga yeye. Abdullah bin Saaib amesimulia kuwa Mtume alikuwa akiswali rakaa nne baada ya jua kupinduka, kabla ya adhuhuri, akasema hiyo ni saa inayofunguliwa milango ya mbingu, naye anapenda ipande amali yake njema ndani yake. Imo katika Tirmidhi. Mzee alikuwa akikusomea Hadithi nawe hukujua.

Idadi: Ibn Umar amepokea mbili kabla ya adhuhuri na mbili baada yake. Bibi Aisha amesema Mtume hakuwa akiacha nne kabla ya adhuhuri. Zote zimo katika Bukhari. Kwa hiyo mbili ndizo zilizotiliwa mkazo zaidi, na nne ni ukamilifu. Kutoa salamu kila rakaa mbili, kama alivyofanya mzee, ndilo bora kwetu.

Na ukizidiwa na kazi ukaingia msikitini umekuta wamekimu, usihirimie sunna, yaani usiianze, ingia kwenye faradhi. Ukimaliza unaweza kuswali ile kabliya baada ya faradhi, bado imo ndani ya wakati wake mpaka alasiri iingie. Baadiya, sunna ya baada ya faradhi, ndiyo haiwezi kutangulia, yenyewe inafunguliwa na faradhi. Na wakati ukitoka kabisa, kulipa ni jambo la kupendeza wala si lazima. Mama wa waumini Ummu Salama alimwona Mtume akiswali rakaa mbili baada ya alasiri, akatuma mtu kumuuliza, akajibiwa kuwa wageni wa kabila la Abdul Qays walimshughulisha akakosa zile mbili za baada ya adhuhuri. Hata yeye alishughulishwa, fundi. Seuze wewe na mapancha ya watoto.

Mwalimu Mstaafu, Raskazone:

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na swali hili nililingoja mtu aniulize darasani, hakutokea. Ahsante fundi.

Saa tunayotumia Tanzania nzima imepimwa kwa mstari wa longitudo nyuzi 45 mashariki, ambao hata haupiti nchini kwetu, uko huko baharini. Tanga iko kama nyuzi 39 na kidogo. Kila nyuzi moja jua linachukua dakika 4. Tofauti ya nyuzi karibu 6 ni dakika 24 hivi. Kwa hiyo kwa wastani jua la Tanga linafika juu kabisa saa 6 na dakika 24. Mtu wa Kigoma analipata kiasi cha dakika 38 baada yetu, na saa mkononi ni ileile.

Wastani huo nao hautulii. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, na mhimili wake umelala upande. Mwanzoni mwa Novemba jua linawahi, linafika utosini Tanga saa 6 na dakika 7. Katikati ya Februari linachelewa mpaka saa 6 na dakika 38. Katikati ya Mei ni saa 6 na dakika 20, na mwisho wa Julai ni kama saa 6 u nusu. Bagamoyo ongezeni chini ya dakika moja.

Kwa hiyo alamu yako ya saa sita kamili, fundi, imetangulia jua siku zote 365. Novemba imelitangulia kwa dakika 7, Februari kwa dakika 38. Hukuhirimia hata mara moja jua likiwa limesimama, labda kama ulikuwa ukichelewa na kutawadha, na hilo unalijua mwenyewe.

Ukitaka kuona kwa macho yako usichukue neno langu. Simamisha spoku au fimbo wima kabisa pahali pa sawa penye jua, upime kwa timazi. Saa tano u nusu weka alama pale ncha ya kivuli ilipo. Funga uzi chini ya fimbo, uchore duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitafupika kiingie ndani ya duara, kisha kitarefuka kitoke upande wa pili. Andika saa kilipogusa tena. Katikati ya saa hizo mbili ndipo jua liliposimama. Sasa hivi Novemba kivuli cha mchana kinaelekea kaskazini, na fimbo ya mita moja itakupa kivuli cha sentimita 23 hivi. Juni kinaelekea kusini, tena kirefu, kama sentimita 54. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya kichwa cha Tanga, kivuli kinapotea chini ya fimbo.

Ukishaipata saa, subiri kidogo, dakika tano au zaidi, uwe na yakini. Lakini kwa hilo namwachia ustadh.

Ustadh Makorora:

Umesema kweli, mwalimu. Wanavyuoni wetu wamesema ule muda wa jua kusimama ni mdogo mno, hauchukui swala nzima, ila takbira ya kuhirimia inaweza kukutana nao. Dakika chache za tahadhari zinatosha. Watu wanaoacha swala nusu saa nzima kwa kuogopa wamejinyima.

Bint Pwani, Bagamoyo:

Assalaam alaykum. Nimesoma mpaka machozi yamenitoka, kaka fundi. Bibi yangu naye alikuwa hivyo.

Mimi nakaanga samaki pale soko la ufukweni. Kazi yetu inashika moto boti zikishaingia, na mchana ndio wateja wa kitoweo. Kwa dhuha bibi hakutufundisha saa. Alituambia, "Mchanga ukianza kukuchoma unyayo, hiyo ndiyo dhuha nzuri." Nilidhani ni maneno ya wavuvi. Baadaye darsani nikasikia Hadithi ya Zayd bin Arqam, kuwa swala ya wenye kurejea kwa Mungu ni pale wana wa ngamia wanapounguzwa na mchanga. Nikamkumbuka bibi na miguu yake mitupu. Kwa hapa kwetu ni kama saa nne na kuendelea, mafuta yangu yakiwa bado hayajapata moto. Mbili zangu naziswali hapo nyuma ya vibanda, kwa sababu Abu Huraira ameusiwa mbili za dhuha na mbili zinatosha.

Ila nina swali na mimi. Ijumaa wanawake wa sokoni tunakwenda mapema kwenye sehemu yetu. Tukifika saa sita hivi tunaambiana tusiswali mpaka adhana, kisha wengine wanasema Ijumaa haina katazo. Lipi ni lipi?

Abu Sumayya:

Dada, katazo ni katazo. Uqba hakusema isipokuwa Ijumaa. Na hiyo kabliya ya Ijumaa yenyewe haikuthibiti. Mtume akitoka anapanda mimbari, adhana inaadhiniwa, anahutubia. Wakati wa kabliya uko wapi hapo?

Ustadh Makorora:

Abu Sumayya, unachosema kimesemwa na wanavyuoni wakubwa, sikukatalii. Lakini dada ameuliza akiwa Bagamoyo, na watu wa Bagamoyo kama watu wa Tanga ni Mashafii tangu mababu. Kwetu siku ya Ijumaa jua likiwa utosini hapana karaha, kwa sababu mwenye kwenda mapema amehimizwa aswali kadiri alivyojaaliwa mpaka imamu atoke, na Salman amelipokea hilo katika Bukhari. Hakuambiwa atazame jua. Vilevile swala yenye sababu iliyotangulia, kama maamkizi ya msikiti, sunna ya udhu, kadha (swala ya kulipa) na swala ya jeneza, haikatazwi katika nyakati hizo. Dada, ukiingia swali maamkizi yako mawili bila wasiwasi. Hata imamu akiwa juu ya mimbari unaswali mbili nyepesi, kama Mtume alivyomwamuru Sulayk al-Ghatafani alipoingia akakaa.

Na anayeona vingine akae kimya amsikilize imamu. Ugomvi ndani ya msikiti siku ya Ijumaa, huo ndio nisioupatia ruhusa popote.

Bint Pwani, Bagamoyo:

Allah akulipe kheri, ustadh. Nitawaambia wenzangu.

Kaka fundi, na hao wateja wanaokwenda ng'ambo ya barabara usiwahesabu sana. Bandika kibao, "Nipo, naswali, dakika kumi." Mimi kwangu nimeandika kwa mkaa kwenye boksi, na wenye kunijua wananingoja.

Fundi wa Ngamiani:

Assalaam alaykum tena. Samahani nimekawia siku nne. Nilitaka nirudi na jambo la kusema.

Shikamoo mwalimu. Nilifanya ulivyonielekeza. Nilichomeka spoku ya gurudumu la nyuma kwenye ubao, timazi nikaifanya kwa uzi na nati. Kivuli kiligusa duara saa tano u nusu, kikaingia ndani, kikatoka saa saba kasoro robo, adhana ya msikiti ikiadhiniwa. Nimegawa, katikati ni saa sita na dakika saba na nusu. Nimerudia siku tatu, na siku moja tu wingu lilinisumbua. Ni vilevile. Nilikaa chini mbele ya ule ubao na kijana mmoja aliyekuja kuziba pancha, tukitazama kivuli kinavyorudi, hakuna aliyesema neno.

Jioni ya siku ya pili nikaenda kwa mama, nikamsimulia. Nikamuuliza baba alikuwa akijuaje. Mama akaniambia, "Baba yako? Alikuwa akitazama ile nguzo yake."

Mbele ya banda kuna nguzo ya bomba ya kutundikia baiskeli, baba aliichomeka mwenyewe kwenye saruji kabla sijazaliwa. Chini yake kuna mstari mmoja ulionyooka, amechora kwa msumari saruji ikiwa mbichi, unapita shina la nguzo huku na huku. Miaka yote nilijua ule mstari ni wa kusimamishia gurudumu ili atazame kama limenyooka. Mie mwenyewe nimeutumia kazi hiyo. Mama anasema kivuli cha nguzo kikiuvuka ule mstari kwenda upande wa bahari, ndipo baba anaomba sabuni.

Sasa naelewa kwa nini nikimkumbuka Ramadhani fulani namwona akiswali karibu na adhana, na miezi mingine namwona akiswali mapema, mpaka nikadhani alikuwa akifuata nafasi ya kazi. Kumbe wateja hawakuwamo katika hesabu yake.

Jana nilisimama pale. Saa sita na dakika saba kivuli kilikuwa juu ya mstari, kimelala sawasawa, hakitoki huku wala huku. Nikaosha mikono. Nilipomaliza kutawadha kilikuwa kimeuvuka kwa upana wa kidole. Saa sita na robo nikahirimia. Kulikuwa na mama mmoja na baiskeli ya mwanawe, cheni imekatika. Alikaa kwenye benchi akangoja.

Alamu nimeifuta. Leo asubuhi nimeusugua ule mstari kwa brashi ya waya, grisi ya miaka imetoka, sasa unaonekana mpaka mwisho.